Tangi Kubwa la Samaki Halitaki Chujio Dogo

Mwaka jana nilimnunulia binti yangu tangi la samaki, la kuwekwa sebuleni. Muuzaji alitupatia na chujio, akatuhakikishia kuwa litatosha. Wiki ya tatu tuliamka tukakuta samaki kumi na mmoja wanaelea. Maji yalikuwa maangavu, hata harufu hayana. Binti yangu aliniuliza, "Baba, wamekufa kwa nini na maji ni masafi?" Sikuwa na jibu.

Jibu nimelipata baadaye, na nalitoa hapa kwa kuwa naona majumbani mwetu matangi yanazidi kuwa makubwa.

Uchafu unaoua samaki hauonekani kwa macho. Kinyesi, mabaki ya chakula na hata pumzi ya samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Chujio zuri hukamata takataka, lakini kazi yake kubwa ni kuwapa makazi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo bado ni sumu, kisha naitreti, ambayo madhara yake ni madogo na hupungua ukibadilisha sehemu ya maji kila wiki. Bakteria hao huchukua kama wiki nne hadi sita kujijenga. Mimi nilijaza samaki siku ya pili!

Kabla ya kwenda dukani, pima tangi lako. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha gawa kwa 1,000. Langu ni 150 kwa 50 kwa 60, yaani lita 450. Wafugaji wengi hutaka chujio lipitishe maji yote ya tangi angalau mara nne kwa saa. Kwangu mimi ni lita 1,800. Nililouziwa lilikuwa la lita 600. Na kumbuka, tarakimu ya kwenye boksi hupimwa chujio likiwa tupu. Likishajazwa sponji na kulazimika kupandisha maji juu, nguvu hupungua. Kwa hivyo chukua lililozidi kidogo.

Aina nazo ni nyingi. Lile la kuning'inia nyuma ya kioo ni rahisi kusafisha, lakini hufaa zaidi matangi madogo. La sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa ni la bei nafuu na ni msaidizi mzuri, ila peke yake kwa lita 450 litaelemewa. La mkebe, linalokaa kabatini chini ya tangi, lina nafasi kubwa ya sponji na vijiwe vya kauri wanamoishi bakteria. Hilo ndilo nililochagua. Wenye nafasi na fundi mzuri huweka tangi la pili chini likawa ndilo chujio, lakini likikosewa, stima ikikatika maji hushuka yakafurika sakafuni.

Tukizungumzia stima, chujio la wati 30 likiwaka mchana na usiku hula kama yuniti 22 kwa mwezi. Lipigie hesabu mapema, kwa sababu si kitu cha kuzimwa usiku ili kubana matumizi. Stima ikipotea kwa saa nyingi, bakteria ndani ya mkebe hukosa oksijeni na kufa. Ikirudi, usiliwashe moja kwa moja. Lifungue kwanza, mwaga maji yaliyolala humo, suuza sponji, ndipo uwashe. Joto letu la pwani huzidisha tatizo, kwani maji ya moto hubeba oksijeni chache. Nimeweka na pampu ndogo ya hewa ya betri kwa dharura.

La mwisho: usioshe sponji kwa maji ya mfereji yenye klorini, utawaua bakteria uliowalea. Chota maji ya tangi lenyewe kwenye ndoo, suuza humo.

Mtume (SAW) alitusimulia habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Samaki wa kwenye kioo naye hana pa kukimbilia. Ikiwa pesa za chujio la kufaa hazijapatikana, nunua tangi dogo zaidi, au subiri. Sisi tulisubiri wiki sita ndipo tukarudisha samaki, wanne tu kwanza. Alhamdulillahi, wote wangali hai, na binti yangu ndiye anayeosha sponji.