Kansa yafinyangwa vibonge maabara, wauza mizizi kaeni chonjo!

Katiza karibu na soko kuu la Songea siku yoyote, hukosi kumkuta jamaa mmoja na spika yake, meza imejaa mizizi, magome na chupa za maji yenye rangi ya chai ya rangi. Kisukari? Anayo dawa. Nguvu za kiume? Ndiyo usiseme. Siku hizi kaongeza na kansa, na anakwambia bila kupepesa macho eti mzizi wake umepimwa maabara ukaua seli za kansa zote, hakubaki hata moja.

Sasa msomaji wangu, kali ni kwamba huenda jamaa hadanganyi. Inawezekana kabisa mzizi umeua seli. Ila kuna swali ambalo hakuna anayemuuliza: hizo seli zilikuwa zimekaaje?

Usicheke, hapo ndipo penye mambo. Mwaka 1951 huko Baltimore, Marekani, madaktari walichukua kinyama cha mama mmoja, Henrietta Lacks, aliyekuwa na kansa ya shingo ya kizazi. Mwenyewe alifariki mwaka huohuo akiwa na miaka 31, lakini seli zake zikagoma kufa. Mpaka leo zinafugwa maabara dunia nzima. Tangu hapo ufugaji wa seli umekuwa wa mtindo mmoja: unazimwaga kwenye kisahani, zinatambaa chini tabaka moja, bapa kama chapati. Unamwagia dawa, kesho yake unahesabu maiti. Kazi rahisi, bei poa.

Tatizo ni kwamba uvimbe ulioko kwenye titi au tumboni kwa mtu si chapati. Ni donge.

Mtu wa Ruvuma hahitaji kufundishwa tofauti hiyo, mahindi yamekwisha mfundisha. Ukiyatandaza kwenye turubai ukayachanganya na dawa ya unga, kila punje inapata. Ukijifanya mvivu, ukajaza gunia kwanza halafu ukanyunyiza dawa juu ya mdomo wa gunia, basi yule dumuzi, ambaye wakulima walimbatiza jina la Scania kwa jinsi anavyobukua, ataendelea na karamu yake katikati kama vile hakuna kilichotokea. Dawa ni ileile, dumuzi ni yuleyule.

Na donge la kansa lina vituko kuliko gunia. Seli za nje zinakula vizuri na kuzaana ovyo. Za kati zimelala, maana hewa ya oksijeni haipenyi zaidi ya kama sehemu moja ya tano ya milimita. Za ndani kabisa zimeshakufa. Dawa nyingi za kansa huwinda seli inayozaana, kwa hiyo iliyolala inaponea hapo, halafu miezi ikipita inaamka. Ndiyo maana dawa inaweza kung'ara kwenye kisahani ikaja kuumbuka kwa binadamu. Kati ya dawa 100 za kansa zinazoanza kujaribiwa kwa watu, zinazofika dukani hazizidi 10.

Wataalamu wakaona isiwe tabu, tuzifuge hizi seli zikiwa vibonge. Njia mojawapo ni ya kitoto kabisa: unaning'iniza tone la maji yenye seli, zinateremka chini ya tone na kukumbatiana. Nyingine unapaka kisahani agari, utomvu wa mwani (si huu wa akina mama wa Paje, wao wanalima wa aina nyingine), seli zinakosa pa kushika, zinashikana zenyewe kwa zenyewe.

Mwaka 2009 kule Utrecht, Uholanzi, Toshiro Sato na Hans Clevers wakaenda mbali zaidi. Walichukua seli mama moja ya utumbo wa panya, wakaiweka ndani ya ute mzito, ikajijenga yenyewe mpaka ikawa kautumbo kadogo. Kitu hicho kinaitwa oganoidi. Siku hizi kinapandwa hata kutokana na kinyama cha mgonjwa mwenyewe, dawa inajaribiwa hapo kwanza kabla ya kumtesa yeye. Utafiti wa London uliotoka kwenye jarida la Science mwaka 2018, kwa wagonjwa wa kansa za tumbo na utumbo, ulionyesha kwamba dawa iliyoshindwa kwenye oganoidi ilishindwa pia kwa mwenye kansa yake, bila kukosea hata mara moja. Iliyofaulu kwenye oganoidi ilifaulu kwa mgonjwa kama mara 88 kati ya 100.

Lakini usiende hospitali ya mkoa kesho ukadai upandiwe chako. Hata Ulaya mambo haya bado ni ya watafiti zaidi. Ute wenyewe unatoka kwenye uvimbe wa panya, bei yake si ya kitoto, na lazima ukae kwenye baridi kali, ukipata joto tu unaganda. Sisi tuliokaa miaka na jenereta za dizeli tunaelewa hiyo maana yake nini.

Mizizi nayo isidharauliwe. Mwaka 1976 pale Shimba Hills, Kenya, Wamarekani walivuna zaidi ya tani 27 za kichaka kimoja chenye sumu iitwayo maitansini. Kwenye visahani ilichinja kansa vibaya sana. Kwa watu ikawa balaa, sumu ilizidi faida, ikawekwa kabatini. Mwaka 2013 ndiyo ikarudi kwa sura nyingine: kizazi chake kimefungwa kwenye kingamwili inayoipeleka moja kwa moja kwenye seli za aina fulani ya kansa ya matiti. Miaka 37 tangu kile kichaka kivunwe!

Jamaa wa spika yeye anataka ununue leo. Mwulize: seli bapa au donge? Panya? Watu wangapi? Akianza kupandisha sauti ya spika, jua ameishiwa. Maana mama mwenye uvimbe akinywa yale maji miezi sita, uvimbe haumsubiri, na basi la kwenda Ocean Road, Dar, ni karibu kilomita 950. Atafika, ila na uvimbe mwingine kabisa.

Na asikwambie mtu kwamba haya ni mambo ya Wazungu tu. Desemba 1963 ndege kutoka Uganda ilibeba kinyama cha uvimbe wa mtoto, ule uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt aliuchunguza Kampala. Ukungu wa London ukaifanya ndege itue Manchester. Kinyama kilipofika kwa Anthony Epstein, maji yake yalikuwa yamechafuka, mwingine angeyamwaga. Yeye akachungulia: seli za kansa, nzima, zinaelea zenyewe bila kushika popote. Hizo zikafugika. Mwaka uliofuata yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakaona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo, cha kwanza kujulikana kinachohusika na kansa ya binadamu. Kikaitwa Epstein-Barr. Mtoto wa Uganda hakuwekwa kwenye jina.