Kirikane

Kirikane (kwa Kijapani: 截金 au 切金) ni ufundi wa jadi wa Japani wa kupamba sanamu za mbao, picha na vyombo kwa vipande vya karatasi nyembamba ya dhahabu, fedha au platini. Vipande hivyo hukatwa kuwa nyuzi, pembetatu na miraba midogo, kisha hubandikwa kimoja kimoja. Jina limetokana na maneno yenye maana ya "kukata" na "metali".

== Namna ya kufanya ==
Dhahabu iliyofuliwa kwa nyundo huwa nyembamba kiasi cha takriban sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Pumzi ya mtu yatosha kuirusha au kuikunja. Kwa hiyo fundi kwanza huunganisha karatasi kadhaa kwa joto la makaa yaliyofunikwa majivu, bila gundi yoyote, ili apate moja yenye unene wa kukatika vizuri.

Karatasi hiyo hulazwa juu ya ubao uliofunikwa ngozi ya kulungu na kukatwa kwa kisu cha mwanzi, kwa kuwa dhahabu haigandi kwenye mwanzi kama inavyoganda kwenye chuma. Nyuzi zinaweza kuwa nyembamba kama unywele.

Kazi ya kubandika huhitaji brashi mbili kwa wakati mmoja. Moja hubeba uzi wa dhahabu kwenye ncha yake. Nyingine hutangulia ikipaka gundi mahali uzi utakapolala. Gundi hutengenezwa kwa kuchanganya ile ya ngozi za wanyama na ya mwani uitwao funori (si mwani unaolimwa Zanzibar).

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini wasichore tu kwa rangi ya dhahabu? Rangi hiyo ni unga wa dhahabu uliochanganywa na gundi, nayo hung'aa kwa upole. Uzi wa kirikane ni metali kamili, hivyo hurudisha mwanga kwa ukali zaidi, na upana wake haubadiliki tangu mwanzo hadi mwisho.

== Historia ==
Ufundi huu ulifika Japani kutoka bara la Asia pamoja na Ubuddha. Miongoni mwa mifano ya kale kabisa iliyobaki ni sanamu za mbao za Wafalme Wanne wa Mbinguni katika hekalu la Hōryū-ji, za karne ya 7. Ulistawi hasa kati ya karne ya 11 na ya 14, mavazi ya sanamu za Buddha yalipofunikwa kwa michoro ya nyuzi hizo.

Baadaye rangi ya dhahabu, iliyo rahisi na ya haraka, ilichukua nafasi yake. Kirikane ilikaribia kutoweka, ikabaki kwa mafundi wachache waliohudumia mahekalu ya Hongan-ji mjini Kyoto. Ujuzi wa mikono kama huu haujifunzwi kwa kusoma: mnyororo wa mwalimu na mwanafunzi ukikatika, hata sanamu zenyewe haziwezi kuwafundisha waliobaki.

Serikali ya Japani iliwatambua mafundi watatu wa kirikane kuwa "hazina hai za taifa": Saita Baitei (1981), Nishide Daizō (1985) na Eri Sayoko (2002). Eri (1945–2007), ambaye mumewe alikuwa mchongaji wa sanamu za Kibuddha, aliutoa ufundi huu nje ya hekalu na kuutumia pia kwenye vikasha vya mbao, vyombo vya ubani na viambaza vya kukunjwa.