Marion Downs: mama aliyetaka mtoto apimwe masikio mara tu anapozaliwa

Mtoto akizaliwa haosikii, huwezi kujua kwa kumtazama. Analia kama wenzake, ananyonya, anacheka, na miezi ya mwanzo anatoa zile sauti za kitoto kama kawaida. Wazazi huanza kushtuka akikaribia miaka miwili: mbona haongei? Na jibu huwa lile lile: "Atachelewa tu, hata baba yake alichelewa."

Marekani miaka ya 1950 mambo yalikuwa hivyo hivyo. Watoto wengi wa aina hii waligundulika wakiwa na miaka miwili na nusu au mitatu. Mtu aliyekataa kuizoea hali hiyo ni Marion Downs, mtaalamu wa usikivu, na ilimchukua karibu miaka 30 kueleweka.

Foleni fupi

Downs alizaliwa 1914 huko New Ulm, jimbo la Minnesota. Aliolewa, akalea watoto watatu, kisha akarudi kusoma akiwa na miaka thelathini na kitu. Alikuwa akisimulia mwenyewe kwamba siku ya kujiandikisha Chuo Kikuu cha Denver foleni zilikuwa ndefu, akaiona moja fupi, akaingia hiyo hiyo. Ilikuwa ya wanaosomea matatizo ya kuongea na kusikia. Basi, ndiyo ikawa kazi yake ya maisha. Baadaye alihamia Chuo Kikuu cha Colorado, kwa madaktari wa masikio, pua na koo.

Watoto 17,000

Miaka ya 1960, yeye na mwenzake Graham Sterritt walianza kupima watoto wachanga katika hospitali za Denver. Njia yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Watu wa kujitolea walisogeza kifaa kidogo cha kutoa sauti kali karibu na mtoto aliyelala, halafu wakamwangalia: kope zimecheza? Ameshtuka? Ameamka?

Walipima watoto 17,000. Waliokutwa na tatizo la kusikia walikuwa 17, yaani mmoja katika kila elfu. Unaweza kusema ni wachache. Lakini kwa huyo mmoja, miaka ya kwanza ndiyo ubongo unaposhika lugha. Ikipita bila lugha yoyote, ya sauti wala ya ishara, kuifidia ni kazi kubwa sana. Ndiyo maana Downs aliwavalisha vifaa vya kusaidia kusikia hata watoto wachanga, jambo ambalo wengi waliliona ni kichekesho.

Akakataliwa

Downs alipigania iundwe kamati ya kitaifa ya usikivu wa watoto, na mwaka 1969 ikaundwa. Miaka miwili baadaye, kamati hiyo hiyo ikasema haiwezi kupendekeza watoto wote wapimwe.

Tuseme ukweli, wapinzani walikuwa na hoja. Mtoto anaweza kushtuka kwa bahati tu, na mwingine asishtuke kwa sababu kalala fofofo. Ikaamuliwa waangaliwe zaidi walio kwenye hatari, kama waliozaliwa na uzito mdogo sana au wenye ndugu kiziwi. Tatizo ni kwamba njia hiyo huwaacha karibu nusu ya watoto wenye shida.

Kilichobadilisha mambo ni ugunduzi wa David Kemp, London, mwaka 1978: sikio zima likisikia mlio, lenyewe hurudisha sauti ndogo sana. Kwa hiyo unaweza kuweka kidude laini sikioni, ukapiga mlio, na mashine ikasikiliza kama sauti inarudi. Mtoto analala zake, na dakika chache zinatosha. Hakuna tena kubahatisha kope.

Mwaka 1993 taasisi za afya za taifa za Marekani zikapendekeza watoto wote wapimwe. Downs alikuwa na miaka 79. Mwaka 1998 timu ya Christine Yoshinaga-Itano, pale pale Colorado, ikatoa ushahidi uliokuwa unasubiriwa. Kati ya watoto 150 wenye tatizo la kusikia, 72 waliogunduliwa kabla ya miezi 6 walikuwa mbele kilugha kuliko 78 waliochelewa. Ilikuwa hivyo kwa wanaoongea na kwa wanaotumia ishara.

Leo zaidi ya watoto 95 kati ya 100 wanaozaliwa Marekani hupimwa. Lengo ni kipimo kabla ya mwezi 1, uhakika kabla ya miezi 3, na msaada kuanza kabla ya miezi 6. Downs alifariki Novemba 2014, akiwa na miaka 100. (Alipotimiza 90 aliruka na parachuti, eti kusherehekea.)

Kama una mtoto mdogo

Kipimo cha kwanza kikionyesha shida, usipaniki. Mara nyingi ni uchafu au majimaji ya uzazi yaliyobaki sikioni, na hurudiwa. Na aliyefaulu siku ya kwanza anaweza kupoteza usikivu baadaye, kwa mfano baada ya homa ya uti wa mgongo. Mtoto wa miezi 9 ambaye hageuki ukimwita kutoka nyuma apelekwe kliniki ya masikio, hata kama shangazi zake wote wanasema atachelewa tu.