Usitupe Mbachao: Simu Kuukuu Bado Ina Kazi



Hapa Namuwongo simu si pambo. Ni chombo cha kazi, kama nyundo kwa seremala. Kibarua anayevuka reli alfajiri kwenda viwandani huitwa kazini kwa simu. Dereva wa bodaboda hupata abiria kwa simu. Tangu MTN ilipoanzisha huduma ya pesa kwa simu nchini Uganda mwaka 2009, hata ujira wa wengi wetu hupitia humo. Hivyo simu inapokuwa nzito, jambo hilo linagusa riziki. Msimamizi akipiga alfajiri na skrini imeganda, kazi huenda kwa mwingine.

Wauzaji wanalijua hilo, na jibu lao ni moja: nunua mpya, na kama huna fedha, chukua kwa mkopo ulipe kidogo kidogo. Lakini simu nyingi za mkopo wa namna hiyo hujifunga malipo yakichelewa. Aliyekosa kibarua kwa siku chache hujikuta hana fedha, na hana simu ya kutafutia kazi. Kabla ya kuingiza shingo katika tanzi hilo, tujiulize: je, simu ya zamani imechoka kweli, au imebebeshwa mzigo tu?

MAMBO MATANO YA KUFANYA BILA KULIPA SHILINGI

Kwanza, izime kabisa, kisha uiwashe. Simu isiyozimwa kwa wiki nyingi huwa na programu nyingi zilizobaki wazi kwa siri, zikila nguvu yake.

Pili, safisha ghala. Simu iliyojaa hukosa mahali pa kufanyia kazi. Ingia katika mipangilio, ile alama ya gurudumu lenye meno, utazame sehemu ya hifadhi. Mara nyingi mzigo mkubwa ni video za vikundi vya WhatsApp. Futa usizohitaji. Kisha ndani ya WhatsApp yenyewe zuia picha na video zisijipakue. Kwa njia hiyo utaokoa na bando pia.

Tatu, ondoa programu usizotumia. Zile zilizokuja na simu na hazikubali kuondolewa, nyingi zinaweza kuzimwa. Mahali penye programu nzito tafuta ndugu yake mwepesi. Facebook, kwa mfano, ilitoa Facebook Lite mwaka 2015 kwa ajili ya simu dogo na intaneti dhaifu.

Nne, punguza mbwembwe. Kila unapofungua ukurasa, simu huuchezesha kwanza ndipo uonekane. Mchezo huo huitwa animesheni. Katika simu za Android, nenda kwenye mipangilio, sehemu inayoeleza habari za simu, utafute nambari ya muundo. Iguse mara 7 mfululizo. Mlango uliofichwa utafunguka, nao ni chaguo za wasanidi programu. Humo mna mistari mitatu ya animesheni, kila mmoja ukiwa na 1. Iweke yote kwenye 0.5. Usiguse kitu kingine humo. Simu haikupata nguvu mpya, ila umeipunguzia kuchelewa, na tofauti utaiona mara moja. Wenye iPhone watafute katika sehemu ya ufikivu mahali pa kupunguza mwendo.

Tano, angalia hali ya kuokoa betri. Hali hiyo hupunguza kasi kwa makusudi. Itumie chaji inapokaribia kwisha, usiiache siku nzima.

BETRI NAYO ISHUTUMIWE

Mwezi Desemba 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba ilikuwa imepunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochakaa, ili zisizimike ghafla. Wenye simu hawakuwa wameambiwa waziwazi. Wengi walidhani simu zao zimekwisha, kumbe betri mpya ingetosha. Mwaka 2020 Ufaransa iliitoza kampuni hiyo faini ya euro milioni 25 kwa kutowajulisha wateja. Funzo ni hili: mtumiaji asiyeelezwa hulipia asichohitaji. Basi kama simu yako huzimika ikiwa bado na chaji, muulize fundi kwanza bei ya betri.

TAHADHARI

Usipakue programu zinazojitangaza kuwa zitaharakisha simu. Nyingi huleta matangazo na kuongeza mzigo. Ukimpa fundi simu, usimpe namba ya siri ya pesa. Usikubali simu ifutwe yote kabla hujahifadhi picha na namba za watu. Na tusidanganyane: skrini iliyovunjika au chaja isiyoshika haitibiwi na mipangilio. Simu ambayo mtengenezaji ameacha kuipelekea masasisho ya usalama isitumiwe kuwekea fedha nyingi.

Wenzangu, wahenga walisema usitupe mbachao kwa msala upitao. Anayejua hatua hizi amfundishe jirani yake wakati wa chakula cha mchana, hasa wazee na wale wasiosoma kwa urahisi. Dakika kumi zatosha. Tunadai ujira bora kwa umoja. Basi na ule tunaoupata tuulinde kwa umoja, usimezwe na deni lisilo la lazima.