Anayemsemea Mtoto Mbele ya Jaji

Mtoto anapotolewa kwao kwa sababu ya kupigwa au kutelekezwa, huepushwa na shari moja, naye mara nyingi hukabiliwa na nyingine: kukosa mtu wake. Nchini Marekani mtoto huyo hukabidhiwa familia ya kumlea kwa muda, huku mahakama ikiamua iwapo atarejeshwa kwa wazazi, atapewa jamaa, au atatafutiwa familia ya kudumu. Katika kungoja huko, aweza kuhamishwa nyumba hata nyumba na shule hata shule. Maafisa nao hubadilika, na kila ajaye huanza kwa kumuuliza jina.

Jaji David Soukup wa Seattle alitambua kwamba alikuwa akikata mashauri mazito ya watoto pasi na habari za kutosha. Mwaka 1977 ulianzishwa mpango wa kuwateua raia wanaojitolea, kila mmoja akabidhiwe mtoto mmoja au ndugu wa nyumba moja. Mtu huyo humzuru mtoto, huzungumza na walimu na walezi wake, kisha humwandikia jaji lipi lina maslahi naye. Mpango huo, uitwao CASA kwa kifupi, umeenea nchini humo.

Miongoni mwa wanaouchangia ni Kappa Alpha Theta, jumuiya ya wanafunzi wa kike iliyoasisiwa mwaka 1870 katika chuo kimoja cha Indiana, miaka michache tu baada ya chuo hicho kuwafungulia wanawake milango. Mwaka 1989 jumuiya hiyo iliichagua CASA kuwa kazi yake ya hisani. Tangu hapo mabinti wa vyuoni huandaa mbio, huuza vyakula, na kukusanya michango.

Huenda mama akauliza: ikiwa hao wanajitolea, fedha ni za nini? Siri za mtoto aliyeumizwa hazikabidhiwi mpita njia. Huchunguzwa kwanza mwenendo wake, hufunzwa kwa takriban saa 30, kisha huwekewa msimamizi mjuzi. Gharama ndizo hizo.

Hapa kwetu, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeitambua kafala, na vyama vya akina mama tunavyo mitaani. Yatima twamkumbuka Ramadhani na Idi kwa mchele na nguo, na ni jambo jema. Lakini Mfunguo Tano nani humwendea mwalimu wake kuuliza mbona hasomi? Nani hufuatana na bibi yake mzee kwa afisa wa watoto? Chama kikitenga nauli ya mwanachama mmoja mwaminifu, aliyechunguzwa na kukubaliwa na walezi, mtoto huyo atakuwa na wa kumsemea mwaka mzima.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mwenyezi Mungu atujaalie moyo huo, na subira ya kudumu nao. Amin.