Sauti ya shahidi iliyozama: kasoro ndogo za amplifaya ya hedifoni

Siku moja tuliketi katika chumba cha askari ambao kazi yao ni kusikiliza mahojiano yaliyonaswa na kuyaandika neno kwa neno. Koplo aliyekuwa mezani alikuwa amevaa hedifoni, kalamu mkononi. Ghafla aliivua, akamgeukia mkuu wake na kusema, "Afande, sauti ya shahidi imefutwa." Alieleza kwamba anasikia honi za magari kutoka dirishani na mburuzo wa viti, lakini maneno ya shahidi yamezama kana kwamba mtu anasemea chini ya kisima. Wote waliokuwamo wakamtazama konstebo kijana aliyekuwa amekabidhiwa kazi ya kunasa mahojiano hayo. Hakuna aliyemshitaki kwa kinywa, lakini macho yalikwisha kutoa hukumu.

Konstebo huyo hakuwa na hatia, na rekodi haikuwa na dosari. Kosa lilikuwa katika kisanduku kidogo kilichokuwa baina ya kompyuta na hedifoni. Kwa kuwa visanduku vya namna hiyo vimeingia katika ofisi nyingi, katika vyumba vya mawasiliano, na hata katika mabweni ya askari wapendao muziki, tumeona inafaa tueleze kasoro zake za kawaida, ili asije mtu mwingine akabebeshwa mzigo wa waya uliolegea.

KISANDUKU CHENYEWE

Amplifaya ya hedifoni hupokea sauti dhaifu kutoka katika kompyuta au kinasa sauti, huiongezea nguvu, kisha huipeleka masikioni. Ile tuliyoiona ilikuwa imejengwa na fundi kwa kufuata mchoro unaojulikana kwa jina la O2. Mchoro huo ulitolewa mwaka 2011 na mtaalamu aliyeandika kwa jina la kubuni la NwAvGuy. Hakupata kutaja jina lake halisi, na baada ya mwaka 2012 hakuandika tena. Lakini kazi yake aliiacha wazi, hata mtu yeyote mwenye pasi ya kulehemu na subira akaweza kuijenga. Kwa kuwa saketi yake inajulikana na mafundi wengi, tutaitumia kama mfano. Mengi tutakayoyasema yanazihusu pia amplifaya nyingine za mezani.

ANZIA NJE, BADILI KIMOJA KIMOJA

Askari akikuta bunduki haifyatui risasi, haanzi kwa kuikata mtutu. Hufuata hatua alizofundishwa, moja baada ya nyingine. Amplifaya nayo yataka nidhamu ile ile. Kasoro nyingi haziko ndani kabisa, bali katika plagi, nyaya na swichi, yaani mahali ambapo mkono wa binadamu hugusa kila siku.

Kanuni kuu ni kubadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ikiwa sikio moja halisikii, kwanza jaribu hedifoni nyingine. Tatizo likibaki, zima amplifaya, kisha badilishana nyaya za kushoto na kulia zinazoingia ndani yake. Ikiwa ukimya umehamia sikio la pili, kosa liko kabla ya amplifaya, katika waya au katika kompyuta. Ikiwa umebaki pale pale, kosa liko ndani ya amplifaya yenyewe au katika tundu la plagi. Jaribio hili halihitaji mita wala bisibisi, na linaweza kuokoa nusu siku ya kazi. Anayebadili vitu vitatu kwa pamoja huenda akapata sauti, lakini hatajua ni kipi kilichoileta, na kesho kosa litakaporudi ataanza upya.

UMEME KWANZA

Amplifaya isipowaka, tazama adapta kabla ya kumtafuta fundi. Adapta nyingi zinazouzwa madukani hutoa umeme wa mkondo mnyoofu, yaani ule unaokwenda upande mmoja tu kama wa betri. O2 haikutengenezwa kwa umeme huo. Inahitaji adapta inayotoa mkondo geu, unaokwenda na kurudi, wa volti kati ya 12 na 20. Sababu yake ni kwamba ndani yake umeme hugawanywa pande mbili, upande chanya na upande hasi, kila mmoja ukidhibitiwa kwenye volti 12. Ukiipa mkondo mnyoofu, upande mmoja hupata chakula na wa pili hulala njaa. Plagi inaweza kuingia vizuri kabisa, na hapo ndipo watu hudanganyika. Kwa hiyo soma maandishi yaliyo juu ya adapta, usipime kwa umbo la plagi.

Amplifaya hiyo inaweza pia kutumia betri mbili za volti 9. Betri zikichoka, saketi ya ulinzi huizima yenyewe, na wengi hudhani imekufa. Ulinzi huo una maana. Upande mmoja ukizimika huku mwingine ungali unafanya kazi, umeme wa mkondo mnyoofu unaweza kupita hadi katika hedifoni na kuunguza koili zake. Tena, betri ziwe za kuchajiwa upya. Adapta inapochomekwa, betri zilizomo huchajiwa, na betri ya kawaida isiyoruhusu kuchajiwa inaweza kuvuja au kupasuka.

SAUTI INAYOPASUKA

Kuna watu hulalamika kwamba sauti inapasuka na kukwaruza hata wanapoipunguza. Hapa chunguza kitufe cha mbele kinachochagua kiasi cha ukuzaji. Katika mchoro wa asili, O2 ina hatua mbili: ya chini hukuza mara 2.5, na ya juu mara 6.5. Vyombo vingi vya mezani hutoa sauti ya hadi volti 2. Ukizidisha 2 kwa 6.5 unapata volti 13, ilhali umeme uliomo ndani ni wa volti 12 kila upande, na hata hizo hazitumiki zote. Sauti inafika ukutani, vilele vyake vinakatwa, na sikio linasikia mpasuko.

Jambo la kukumbuka ni kwamba katika amplifaya hii kitufe cha sauti kiko baada ya hatua ya ukuzaji. Kwa hiyo ukipunguza sauti unapunguza kitu ambacho kimekwisha kuharibika. Dawa ni kurudi kwenye hatua ya chini. Hapo volti 2 huwa volti 5, na nafasi inabaki.

SAUTI INAYOEGEMEA UPANDE MMOJA

Kasoro nyingine huonekana usiku, wakati mtu anaposikiliza kwa sauti ndogo sana. Msemaji aliyekuwa katikati anahamia sikio moja. Kitufe cha sauti kina njia mbili za ukinzani zinazozunguka pamoja, moja ya kushoto na moja ya kulia, na mwanzoni kabisa mwa mzunguko njia hizo hazilingani sawasawa. Huo si ugonjwa, ni tabia ya vitufe vya bei ndogo. Tumia hatua ya chini ya ukuzaji, au punguza sauti kidogo katika kompyuta, kisha zungusha kitufe mpaka kivuke robo ya kwanza. Sauti itarudi katikati.

MIKWARUZO NA MVUMO

Kitufe kikikwaruza unapokizungusha, kwa kawaida ni vumbi au kutu nyembamba. Zima amplifaya, chomoa adapta, kisha kizungushe mwanzo hadi mwisho mara ishirini au thelathini. Mara nyingi hilo latosha. Lisipotosha, tumia dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa kusafishia viungo vya umeme. Tunawasihi ndugu askari wasitumie mafuta ya bunduki. Mafuta hayo ni mema mahali pake, lakini ndani ya kitufe hubaki kama utando, hukusanya vumbi, na mikwaruzo huongezeka.

Mvumo mzito usiokoma una asili nyingine. Umeme wa ukutani katika nchi zetu za Afrika Mashariki una mizunguko 50 kwa sekunde, na sikio huusikia kama nyuki mkubwa ndani ya mtungi. Mara nyingi huingia pale kompyuta na vyombo vingine vilivyounganishwa vinapopata umeme kutoka soketi mbalimbali, na waya wa ardhi wa kila kimoja ukafanya mzunguko na mwingine. Ikiwa kompyuta ni ya kubebeka, chomoa chaja yake na uiache itumie betri. Mvumo ukitoweka, umekwisha kumpata mwenye kosa. Chomeka vyombo vyote katika soketi moja ya ukutani kwa kutumia kiendelezi kimoja. Lakini kamwe usikate waya wa ardhi wala kuuvunja mguu wake katika plagi ili kuondoa mvumo. Waya huo ndio unaomlinda mtu siku umeme unapogusa bati la chombo. Afadhali mvumo masikioni kuliko matanga nyumbani.

Na ikiwa unasikia mlio wa kukatika katika unaokuja na kuondoka, tazama simu iliyo mezani. Simu ya mfumo wa GSM hutuma mawimbi yake kwa vipande, mara 217 kwa sekunde, na nyaya za hedifoni huyanasa kama antena. Isogeze simu mbali kidogo, na amani itarudi.

SHAHIDI ALIYEZAMA

Sasa turudi kwa konstebo wetu. Sajini mmoja wa mawasiliano aliitwa. Hakumtazama konstebo, alitazama vyombo. Alichomeka hedifoni nyingine: sauti ya shahidi bado imezama. Kisha akaiondoa amplifaya, akachomeka hedifoni moja kwa moja katika kompyuta. Shahidi akasikika waziwazi, neno kwa neno. Katika dakika tatu rekodi ilikuwa imesafishwa na tuhuma, na mtu pia.

Plagi ya hedifoni ya milimita 3.5 ina sehemu tatu. Ncha hupeleka sauti ya kushoto, pete ya kati hupeleka ya kulia, na shina ni njia ya pamoja ambayo umeme wa masikio yote mawili hurudia. Njia hiyo ya pamoja ikikatika, umeme wa sikio moja hauna pa kupita ila kwenye sikio la pili. Hapo sauti iliyo sawa kushoto na kulia hujipinga yenyewe na kutoweka. Kinachobaki ni tofauti tu ya pande mbili. Mahojiano yale yalinaswa kwa vinasa viwili, kimoja kila upande wa meza, na shahidi aliketi katikati, kwa hiyo sauti yake iliingia sawa pande zote, ikajifuta. Honi za magari ziliingia kwa nguvu zaidi upande wa dirisha, zikabaki.

Sajini alipoisukuma plagi kwa kidole, shahidi alirudi, na alipoiachia akazama tena. Kisanduku kilipofunguliwa, ulionekana ufa mwembamba kama unywele kuizunguka lehemu ya mguu mmoja wa tundu la plagi. Kwa miezi mingi watu walikuwa wakiinuka mezani bila kuchomoa waya, na tundu likavutwa upande mpaka lehemu ikachoka. Lehemu mpya kidogo ilitosha. Kabla ya kuirudishia hedifoni, sajini alipima volti za mkondo mnyoofu katika tundu hilo kwa mita, na zilipokuwa milivolti chache tu, aliridhika. Kipimo hicho kifanywe baada ya kila ukarabati, maana hedifoni hulipia makosa ya fundi.

MASIKIO YA ASKARI

Lipo jambo moja lililo kubwa kuliko vyombo. Mtu akikosa kusikia vizuri kwa sababu ya kiungo kilicholegea, jambo la kwanza analofanya ni kuongeza sauti. Kisha plagi hujigusa, njia hufunguka, na sauti yote humwagika sikioni kwa mkupuo. Sikio la askari tayari lina deni: mlio wa bunduki hupita desibeli 140. Wataalamu wa afya kazini wameweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8 za siku, na kila desibeli 3 zinazoongezeka, muda huo hupungua kwa nusu. Desibeli 88 ni saa 4, desibeli 91 ni saa 2. Seli za kusikia zikifa haziotі tena. Kwa hiyo punguza sauti kabla ya kuvaa hedifoni, chomeka plagi mpaka mwisho, na sauti ikipungua ghafla vua hedifoni kwanza, ndipo uulize sababu.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ule wa lehemu ulikuwa mdogo kuliko kichwa cha sindano, lakini ulikaribia kubomoa jina la kijana na ushahidi wa shauri zima. Askari anayejua kupekua chombo chake kwa utaratibu, akianza nje na kwenda ndani, huhifadhi mali ya umma, huhifadhi masikio yake, na huhifadhi haki ya mtu mwingine. Konstebo yule angali akinasa mahojiano. Tulipoondoka siku ile, tulimwona akiinuka mezani, na kabla ya kupiga hatua ya kwanza, akaichomoa plagi kwa mkono wake.