Kuuawa ili Wengine Waogope

Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mahakama za kijeshi za Uingereza zilitoa hukumu za kifo zaidi ya 3,000. Watu 346 ndio waliouawa, wengi wao kwa utoro. Takriban tisa katika kila kumi walisalimika. Je, ni kigezo gani kilichowatenga hao wachache?

Kesi zenyewe zilikuwa fupi. Maofisa watatu waliketi, wakasikiliza mashahidi, wakahukumu; rufaa haikuwapo. Jalada lilipanda ngazi kwa ngazi hadi kwa amiri mkuu, ambaye tangu Desemba 1915 alikuwa Douglas Haig. Njiani makamanda waliandika maoni kuhusu mwenendo wa mshitakiwa, na pia kuhusu hali ya nidhamu katika kikosi chake. Hapo ndipo dhuluma ilipojipenyeza. Aliyetoka katika kikosi kilichodhaniwa kimelegea alikikaribia kifo zaidi kuliko mwenzake mwenye kosa lilelile, kwa sababu jeshi lilitaka kuwatia wengine adabu.

Mmoja wa waliouawa, askari Harry Farr, alilazwa hospitalini miezi mitano mwaka 1915, akili yake ikiwa imetikiswa na milipuko ya mizinga. Septemba 1916, kwenye mapigano ya Somme, alikataa kurudi mstari wa mbele, akisema hawezi tena kustahimili. Alijitetea mwenyewe katika kesi iliyochukua kama dakika 20. Alipigwa risasi alfajiri ya Oktoba 18.

Waliotetea adhabu hiyo walidai kwamba bila hofu ya kifo mahandaki yangebaki matupu. Australia inawajibu. Serikali yake ilikataa askari wake wauawe kwa utoro. Watoro walikuwapo, tena wengi, na majenerali walilalamika. Hata hivyo vikosi vyake vilipigana hadi ushindi wa 1918.

Bunge la Uingereza liliifuta adhabu ya kifo kwa utoro na woga mwaka 1930. Mwaka 2006 sheria iliwasamehe askari 306, Farr akiwamo, baada ya familia kudai haki kwa miaka mingi. Hata hivyo, msamaha huo haukutengua hukumu.

Jeshi haliwezi kuishi bila nidhamu. Lakini mahakama ina wajibu wa kumpima mtu kwa alilotenda na kwa hali aliyokuwa nayo. Ikimwua mgonjwa ili wazima waogope, haijatoa hukumu, imemtoa kafara.